Dawa na Kibebeo Chake: Neno Moja Lisitufiche Mambo Mawili

Neno dawa lina mabega mapana katika Kiswahili. Mzizi uliochemshwa ni dawa, kidonge ni dawa, kuna dawa ya meno na dawa ya mende, na hata aendaye kwa mganga kutafuta mapenzi husema anatafuta dawa. Upana huu una manufaa yake katika mazungumzo ya kila siku, na sikusudii kuubeza. Hata hivyo, pana mahali ambapo upana huo hugeuka kuwa pazia. Mahali penyewe ni katika utafiti wa mwendo wa dawa mwilini, taaluma ambayo wenyewe huiita farmakokinetiki, pale ambapo panya, sungura, mbwa au mbuzi hupewa dawa kisha damu yake ikapimwa saa baada ya saa. Anachopewa mnyama huyo hakiwi dawa tupu hata siku moja. Huwa ni dawa pamoja na kitu kilichoibeba: maji, mafuta, pombe, sabuni ya aina fulani, au mchanganyiko wa hivi vyote. Maoni yangu ni kwamba uchaguzi wa kitu hicho ni sehemu ya jaribio lenyewe, sawa na uchaguzi wa mnyama au wa kipimo, na kwamba Kiswahili kisichokuwa na maneno ya kuvitenganisha viwili hivi kitawapotosha wanaokitumia kazini.

Huenda msomaji akajiuliza panya wa maabara wamefuata nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Swali hilo ni halali. Tumezoea katika kurasa hizi kujadili ngeli, ushairi huru na usawiri wa wahusika, na ni vyema tuendelee. Lakini maadamu Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hatuwezi kudai heshima ya urasmi huku tukiikimbia mizigo yake. Isitoshe, nitaonyesha hapa chini kwamba katika mkasa mmoja mkubwa wa historia ya dawa, serikali ya nchi kubwa iliweza kuitwaa sumu madukani kwa nguvu ya maana ya neno moja tu. Ikiwa hilo si jambo la wanalugha, sijui lipi litakuwa.

Tuanze na yaliyo karibu. Mfugaji aingiapo katika duka la dawa za mifugo, iwe Kajiado au Nandi, kununua oksitetrasaiklini, hukuta chupa za ukolezi tofauti, aghalabu asilimia 10 na asilimia 20. Kiambato kinachopigana na vijasumu ni kile kile. Lakini ile ya kawaida huhitaji kudungwa kila siku, ilhali ile iliyoandaliwa makusudi ili ikae, ikishaingia katika msuli, huachilia kiambato hicho polepole kwa muda wa siku tatu hivi. Kinacholeta tofauti ni ukolezi pamoja na viyeyushi vilivyotumiwa, na namna dawa inavyotuama pale ilipodungwa. Kwa hiyo hata idadi ya siku ambazo maziwa ya ng'ombe huyo hayafai kunywewa hutegemea ni chupa ipi iliyotumika. Siku hizo hazikukisiwa. Zilipatikana kwa kuwadunga ng'ombe andalio lile lile linalouzwa, kisha kuyapima maziwa yao hadi mabaki yakashuka chini ya kiwango kinachokubalika. Mfugaji anayeambiwa tu kwamba "ni dawa ile ile" ameambiwa ukweli nusu, na nusu iliyosalia ndiyo itakayoingia katika kikombe cha chai cha mtoto wake.

Nimelitumia neno andalio, na nitalitetea baadaye. Kwa sasa tufuate kazi yenyewe.

Mtafiti anayetaka kujua mwendo wa dawa mpya mwilini huwa na maswali machache: ni kiasi gani kinachofyonzwa kutoka tumboni, kinasambaa wapi, ini linakivunja kwa kasi gani, na kinatoka kwa njia ipi. Aghalabu huwagawa wanyama wake makundi mawili. Kundi moja hudungwa dawa moja kwa moja ndani ya mshipa, na jingine hupewa kwa mdomo kwa kutumia mrija unaofika tumboni. Damu huchukuliwa kwa vipindi, grafu huchorwa, na eneo lililo chini ya mstari wa grafu moja hulinganishwa na la nyingine, vipimo vikiwa vimezingatiwa. Ulinganisho huo ndio unaomwambia ni sehemu gani ya dawa iliyomezwa iliyofika katika damu. Yaonekana kuwa hesabu nyepesi. Ugumu huanzia mahali ambapo ripoti nyingi huvuka kwa sentensi moja, yaani: ile dawa ilitiwa ndani ya nini?

Tuseme panya ana uzito wa gramu 250, na mtafiti ataka kumpa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito. Panya huyo anahitaji miligramu 12.5. Mwongozo uliochapishwa na wataalamu wa Ulaya mwaka 2001, ambao hutumiwa sana katika maabara za aina hii, unapendekeza kwamba kiowevu anachopewa panya kwa mdomo kisizidi mililita 10 kwa kila kilo. Kwa panya wetu hizo ni mililita 2.5. Kwa hiyo kila mililita inapaswa kubeba miligramu 5. Sasa, molekuli nyingi zinazobuniwa siku hizi huchukia maji. Ikiwa mililita moja ya maji inaweza kuyeyusha miligramu 0.01 tu ya dawa yetu, basi mililita 2.5 zitayeyusha sehemu moja kati ya sehemu 500 za kiasi kinachotakiwa. Mtafiti afanye nini?

Njia zipo. Aweza kuyafanya maji yawe na asidi au besi kidogo, ikiwa molekuli yenyewe inakubali. Aweza kuongeza kiyeyushi kingine kama vile poliethilini glikoli 400, ethanoli au dimethili salfoksaidi. Aweza kutumia vitu vya jamii ya sabuni, kama Tween 80, ambavyo huizingira dawa na kuiingiza majini kwa hila. Kuna sukari zenye umbo la pete, siklodekstrini, ambazo huificha molekuli tumboni mwake. Kuna mafuta ya mahindi au ya ufuta. Hatimaye aweza kuisaga dawa iwe unga laini sana na kuikoroga katika maji yaliyotiwa methiliselulosi kidogo ili yawe mazito, chembe zisizame upesi. Hapo dawa haijayeyuka, inaelea tu. Ndiyo maana chupa za dawa za watoto huandikwa "tikisa kabla ya kutumia".

Kila njia ina gharama yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya kuchagua chochote kile kitakachoyeyusha ili kazi iendelee. Kwa sindano ya mshipa hakuna mjadala: lazima dawa iwe imeyeyuka kabisa, na isiganda inapokutana na damu, kwani chembe ngumu zinaweza kuziba vijishipa vya mapafu. Viyeyushi vingine, vikizidi, hupasua chembe nyekundu za damu. Kwa njia ya mdomo uhuru ni mkubwa zaidi, na uhuru huo ndio mtego. Poliethilini glikoli ikiwa nyingi huendesha tumbo. Mafuta ya mahindi ni chakula; panya anayepewa kila siku kwa wiki nne amebadilishiwa mlo, hata kama kusudi lilikuwa kumpa dawa. Sabuni zaweza kulegeza ukuta wa utumbo na kupitisha kilichokuwa hakipiti. Mtafiti husoma grafu na kufurahi kwamba dawa yake inafyonzwa vizuri, kumbe kilichofanya kazi ni kile kilichoibeba. Mwaka unaofuata anaitia katika kidonge, na mtu akikimeza kidonge kinapita tumboni na kutoka kama kilivyoingia.

Mfano wa jambo hili ulio karibu nasi zaidi ni dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Wauguzi wetu hutuhimiza tuimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na wagonjwa wengi hudhani huo ni ushauri wa kulinda tumbo. Sivyo. Lumefantrini huyeyuka katika mafuta, na katika watu wenye afya waliopimwa, kiasi kilichofika katika damu kiliongezeka takriban mara 16 walipoimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kikilinganishwa na kilichofika walipoimeza tumbo likiwa tupu. Mara 16! Sasa mtu na alinganishe panya aliyepewa dawa ya aina hiyo ndani ya mafuta ya ufuta na panya aliyepewa ndani ya maji, kisha aandike kwamba panya hao walipata "dawa ile ile".

Hata kitu kisicho na kazi yoyote chaweza kuleta maafa. Huko Australia mwaka 1968 watengenezaji wa kapsuli za fenitoini, dawa ya kifafa, waliondoa unga wa salfati ya kalisi uliokuwa ukitumiwa kujazia kapsuli na badala yake wakatia laktosi, ile sukari ya maziwa. Kiasi cha fenitoini hakikubadilika. Wagonjwa waliokuwa wametulia kwa miaka wakaanza kuyumba na kuona vitu viwiliviwili, kwa kuwa dawa iliyokuwa imezuiliwa na unga wa kwanza sasa ilikuwa inafyonzwa kwa wingi. Wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba kijazio ni cha kuangaliwa.

Mkasa niliouahidi ni wa mwaka 1937, nchini Marekani. Salfanilamidi ilikuwa dawa iliyosifika, ikitumiwa kwa vidonge na unga bila madhara makubwa. Wateja wa kusini mwa nchi hiyo wakataka dawa ya maji, hasa kwa ajili ya watoto. Kampuni ya S. E. Massengill ya Bristol, Tennessee, ikamtaka mkemia wake mkuu, Harold Watkins, atafute kiyeyushi. Akakipata: diethilini glikoli. Salfanilamidi ikayeyuka barabara, ikatiwa ladha ya tunda la rasiberi, rangi ikapendeza, harufu ikakubalika. Hayo matatu, ladha, rangi na harufu, ndiyo yaliyochunguzwa. Hakuna panya hata mmoja aliyeonjeshwa. Katika muda wa majuma machache watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa kwa kuharibika figo, wakiwamo watoto wengi. Baada ya vifo hivyo kuripotiwa, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Chicago chini ya E. M. K. Geiling waliwapa wanyama vitu hivyo kimoja kimoja, yaani dawa peke yake, kiyeyushi peke yake, na mchanganyiko mzima. Wanyama wa kiyeyushi walikufa kama wale wa mchanganyiko. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa mwanafunzi kijana aliyeitwa Frances Kelsey, ambaye miaka ya 1960 na 1961 angeizuia thalidomidi isiingie katika soko la Marekani.

Sasa tazama lugha ilivyoingia. Sheria ya wakati ule haikumlazimu mtengenezaji kuthibitisha kwamba dawa yake ni salama kabla ya kuiuza. Maofisa wa serikali hawakuwa na kosa la kumshtakia mtu kwa kuuza sumu hiyo. Walichokuwa nacho ni neno lililoandikwa kwenye chupa: eliksiri. Katika famasia ya wakati ule eliksiri ilimaanisha dawa iliyo ndani ya pombe, na ndani ya chupa hizo hamkuwamo pombe. Kwa hiyo kampuni ilishtakiwa kwa kosa la jina lisilolingana na kilichomo, na kwa msingi huo chupa zikasakwa nyumba kwa nyumba. Lau chupa ingeandikwa "myeyusho", serikali ingekosa mkono wa kuikamatia. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapitisha sheria mpya iliyodai uthibitisho wa usalama. Sijui mhadhara bora zaidi kuhusu umuhimu wa istilahi kuliko chupa ile.

Na isidhaniwe kwamba haya ni ya kale. Diethilini glikoli imeua watoto Haiti mwaka 1996, imeua Panama mwaka 2006, imeua Nigeria mwaka 2008, na mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walifariki nchini Gambia kutokana na dawa za kikohozi na homa zilizokuwa na sumu hiyo pamoja na dada yake ethilini glikoli. Mara hizi haikuchaguliwa na mkemia asiyejua. Huingia kama uchafu au ulaghai ndani ya vibebeo halali, yaani gliserini na propilini glikoli. Ninawasihi wanaistilahi wenzangu wayatazame majina haya: diethilini glikoli, ethilini glikoli, propilini glikoli, poliethilini glikoli. Mawili huua na mawili hunyweka kwa kiasi. Mtafsiri ambaye, kwa kupenda wepesi, atayafupisha yote kuwa "glikoli" amefanya jambo la hatari, na hapa mimi, ambaye kwa kawaida hupendelea maneno ya Kibantu kuliko ya kukopa, nasema kopa yote, tena na viambishi vyake, usipunguze hata silabi.

Mfano mwingine una mzizi katika udongo wetu. Mbarika, mti ambao bibi zetu waliyakamua mafuta yake ya kuharisha na ya kupaka, asili yake inaaminika kuwa pande hizi za Afrika ya Mashariki na Uhabeshi. Mafuta hayo yakiunganishwa na ethilini oksaidi viwandani hupatikana kitu kiitwacho Cremophor EL, na ndicho kilichoibeba paklitakseli, dawa ya saratani inayotokana na gamba la mti wa Marekani, ilipoidhinishwa huko mwaka 1992. Haiyeyuki majini hata kidogo, kwa hiyo iliwekwa katika mchanganyiko wa Cremophor EL na ethanoli nusu kwa nusu. Madaktari wakaona ajabu: kipimo kikiongezwa, ukolezi katika damu hauongezeki kwa uwiano, bali huruka. Ilidhaniwa kuwa ni tabia ya paklitakseli yenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio walilowapa panya wadogo paklitakseli katika vibebeo mbalimbali. Ukiondoa Cremophor EL, uwiano ukarejea. Yale mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa yalikuwa yakiikamata dawa ndani ya damu na kuizuia isiende katika viungo, hivyo damu ikaonekana kujaa dawa ilhali dawa hiyo imefungwa. Tabia iliyosemwa kuwa ya dawa ilikuwa ya kibebeo. Kama jaribio lile halingevitenganisha viwili, vitabu vingeendelea kuisingizia paklitakseli.

Kibebeo hicho hicho kina jambo jingine. Mbwa akidungwa Cremophor EL mshipani, mwili wake humwaga histamini, shinikizo la damu likaporomoka, naye akaanguka. Tween 80 humfanyia vivyo hivyo. Panya hustahimili zaidi. Kwa hiyo mtafiti aliyezoea panya, akihamia kwa mbwa na kibebeo chake cha zamani, aweza kuandika kwamba dawa yake ni hatari kwa moyo, kumbe amemtesa mbwa kwa sabuni. Wanyama nao wametofautiana kwa namna nyingine. Panya wa maabara hawezi kutapika, mbwa hutapika kwa wepesi. Panya hula kinyesi chake, na dawa iliyotoka hurudi. Na panya huyo mkubwa hana kile kifuko cha kuhifadhia nyongo, ingawa panya mdogo anacho; nyongo yake hutiririka utumboni saa zote. Kwa dawa inayohitaji nyongo ili iyeyuke, hilo si jambo dogo. Tuone hapa tena Kiswahili kinavyotubana: nyongo kwetu ni kile kiowevu kichungu na ni kile kifuko pia. Ukiandika "panya hana nyongo" umesema uongo, na mwanafunzi wa sayansi atakuamini.

Msimamo wangu kuhusu uchaguzi wenyewe, basi, ni huu. Katika hatua ya kwanza, pale ambapo swali ni kama molekuli yenyewe inaweza kufyonzwa na kudumu mwilini, myeyusho utumike, mwepesi kadiri iwezekanavyo, wenye viongezo vichache ambavyo mnyama huyo anavijua. Kibebeo kimoja kitumike kwa vipimo vyote vinavyolinganishwa. Mtu asipande kutoka miligramu 5 hadi 50 kwa kubadili kiyeyushi njiani kisha akadai amepima athari ya kipimo. Inapofika hatua ya kutaka kujua dawa itakavyokuwa kwa mgonjwa, aache myeyusho mtamu wa maabara na atumie unga unaoelea, ukubwa wa chembe zake ukiwa umepimwa na kuandikwa, kwa sababu unga laini hufyonzwa zaidi kuliko unga mnene; griseofulvini, dawa ya mashilingi, ilitufunza hilo tangu miaka ya 1960. Na pale ambapo madhara yanachunguzwa, kuwe na kundi linalopewa kibebeo kitupu. Wapo watakaosema kundi hilo ni kuongeza wanyama bure. Naona kinyume chake. William Russell na Rex Burch walipoandika mwaka 1959 kwamba wanyama wa majaribio wapunguzwe, hawakukusudia wapunguzwe hadi jaribio likose maana. Panya kumi waliotumika bila jibu ni panya kumi waliopotezwa wote. Sheria yetu ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inayadhibiti majaribio ya aina hii, na sioni ukatili uliojificha vizuri zaidi kuliko ule wa jaribio lililoharibika kabla mnyama wa kwanza hajaguswa, huko mezani ambako kibebeo kilichaguliwa kwa kuwa ndicho kilichokuwa kabatini.

Nirudi sasa kwa wanalugha. Wahadhiri wetu wengine hushikilia kwamba sayansi hii hufanywa kwa Kiingereza na itaendelea hivyo, kwa hiyo istilahi za Kiswahili ni pambo. Wanasema kweli kuhusu ripoti. Hawasemi kweli kuhusu kazi. Mtu anayemshika panya, anayepima kiowevu na kuingiza mrija, anayeamka alfajiri kuchukua damu ya saa ya nane, mara nyingi ni mhudumu ambaye mazungumzo yake na wenzake ni ya Kiswahili. Mjumbe asiye mwanasayansi katika kamati ya maadili anahitaji kuelewa mnyama atapewa nini. Mfugaji anayeombwa mbuzi wake kwa utafiti ana haki ya kujua kwamba sindano ina kiambato na ina vingine. Unga unaoelea ukiachwa bila kutikiswa, panya wa kwanza hupata maji na wa mwisho hupata tope; grafu inayotokea huonyesha tofauti kubwa baina ya wanyama, na mtaalamu wa takwimu huanza kutafuta sababu katika jeni zao. Maelekezo yaliyosema "wape dawa" hayakumwambia mhudumu lolote la kumwepusha na hilo.

Nimekuwa nikitumia maneno matatu, na sasa niyatolee hoja. Kwa kile kinachotibu, kiambato tendaji: kiambato kimekwisha kuenea katika lebo za vyakula na dawa, na tendaji hueleweka bila kamusi. Kwa kile kinachobeba, kibebeo. Neno la Kiingereza la dhana hii ni lile lile litumikalo kwa gari, na mfasiri wa neno kwa neno anaweza kutuambia kwamba panya walipewa gari. Chombo kimependekezwa mara kwa mara, lakini chombo ni sahani, ni jahazi, ni kifaa. Mhudumu akiambiwa aoshe chombo ataosha kipi? Kibebeo kina uwazi na kinazaa: kibebeo kitupu, kibebeo cha mafuta, kubadili kibebeo. Kwa muungano wa vyote, andalio. Najua walimu wenzetu hulitumia kwa andalio la somo, na hilo ndilo linalonipendeza, kwa kuwa kila aliyekwenda mazoezi ya ualimu anajua kwamba somo lile lile likiandaliwa vingine huwafikia wanafunzi vingine. Muundo wa dawa, ambao wengi huutumia, uachiwe wakemia kwa umbo la molekuli. Tukivipima vigezo vya PEGITOSCA alivyovipendekeza K. B. Kiingi wa Uganda, naamini maneno haya matatu yatapita katika uangavu, uzalishi na uwekevu. Penye ukimataifa yatakwama, nami niko tayari kulipa bei hiyo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilitufikisha mbali na inastahili heshima, lakini orodha ya maneno bila watu wanaoyatamka kazini hukaa rafuni.

Neno moja limenishinda. Kwa ile hali ya chembe zinazoelea bila kuyeyuka, kuiita myeyusho ni kosa, na mchanganyiko ni neno pana mno. Mweleo, kutokana na kuelea, linavutia, ila sikio hulikosea likasikia mwelekeo. Wanakemia huniambia saspensheni yatosha. Ningependa chama chetu kisilimalize jambo hili kwa kura ya ukumbini. Tuwaombe wahudumu wa wanyama katika idara moja ya tiba ya mifugo wakubali kupewa maelekezo ya aina mbili kwa majuma mawili, moja yenye mweleo na nyingine yenye saspensheni, pasipo kuandika popote "tikisa". Kisha tuhesabu ni neno lipi lililowafanya waitikise chupa.